Silia za mrija wa uzazi: kwa nini zilisimama mlipodondosha homoni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi ni wanafunzi watatu wa maabara hapa Mwanza. Tulichukua mirija sita ya uzazi ya ng'ombe machinjioni saa kumi na mbili asubuhi, tukaitia kwenye chupa ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9, tukafika maabara karibu saa sita mchana. Kwenye mirija mitatu tuliona silia, vile vinywele vidogo vya seli, zikipiga, mitatu zimelala. Tulidondosha sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kama projesteroni, silia zote zikasimama. Tukasaga kidonge cha uzazi wa mpango kama estrojeni, hatukuona tofauti. Je, projesteroni inaua silia? Na je, ndiyo sababu watu husema vijiti vya uzazi wa mpango vinaleta mimba nje ya kizazi?

JIBU: Marahaba. Projesteroni haiui silia, na hamkuipima projesteroni. Mlipima dawa mbili zilizochanganywa na vitu vingine, juu ya mirija ambayo hamkujua ng'ombe wake walikuwa siku ya ngapi ya mzunguko. Nusu ya jibu lenu ilibaki kwenye ovari mlizozitupa pale machinjioni.

Kwanza kazi yenyewe. Ndani ya mrija kuna seli za aina mbili kubwa: zenye silia na zinazotoa majimaji. Zenye silia ni nyingi zaidi kwenye fimbria na ampula, yaani upande wa ovari, na hupungua kadiri unavyokwenda istimasi, sehemu nyembamba inayoingia kwenye pembe ya kizazi. Kila silia ina urefu wa mikromita chache tu, na ndani yake kuna jozi 9 za vijiti vya protini pembeni na vijiti 2 katikati. Protini iitwayo dainini hutumia ATP, nishati ya seli, kusukuma jozi moja dhidi ya nyingine, silia ikajipinda. Mpigo una sehemu mbili kama kasia: wa kwenda ni mnyoofu na wenye nguvu, wa kurudi umejikunja ili usirudishe maji nyuma. Kasi hutegemea zaidi kalsiamu na cAMP, molekuli ya kupeleka ujumbe, ndani ya seli. Homoni haigusi dainini moja kwa moja. Hupitia njia hizo mbili, au huamua kama silia itakuwepo kabisa.

Hapo ndipo wengi huchanganya, kwa sababu estrojeni na projesteroni hufanya kazi kwa saa tofauti.

Estrojeni ni mjenzi. Kazi yake huhesabiwa kwa siku. Nyani aina ya resasi akiondolewa ovari, seli za fimbria hupoteza silia na kuwa fupi. Akipewa estradioli, estrojeni kuu ya mwili, silia huota upya ndani ya wiki moja hadi mbili. Jeni ya FOXJ1 ndiyo moja ya swichi kuu za ujenzi huo. Projesteroni ikipanda na kukaa juu, huzuia kazi ya estrojeni, na kwa nyani hao sehemu kubwa ya silia za fimbria hupotea katika nusu ya pili ya mzunguko. Kwa binadamu mabadiliko haya ni madogo zaidi, ila huonekana baada ya kujifungua na baada ya kukoma hedhi. Kwa ng'ombe, kipindi cha projesteroni seli za majimaji huvimba na kuchomoza juu ya silia, kwa hiyo ukitazama kwa hadubini unaona uso wenye vinundu na silia chache zikichungulia katikati. Wanafunzi wengi huandika "silia zimekufa" wakati kwa kweli zimefunikwa.

Kwa hiyo kudondosha estradioli kwenye kipande cha mrija na kutazama kwa nusu saa hakutakuonyesha mengi, hata ukiwa na estradioli safi. Peke yake, kwa muda mfupi, haibadilishi kasi kwa kiasi cha kutegemewa.

Projesteroni ina kazi mbili. Ya polepole ni hiyo ya kupingana na estrojeni. Ya haraka ni kupunguza kasi ya mapigo. Kwenye vipande vya mrija wa binadamu, projesteroni ya mikromoli 10 kwa lita imepunguza kasi kwa asilimia 40 hadi 50, na mifepristoni, dawa inayoziba kipokezi cha projesteroni, ikitangulia huzuia upungufu huo. Hiyo inaonyesha kuwa kuna kipokezi kinachohusika, si sumu tu. Kwa panya upungufu huonekana ndani ya dakika 30, muda mfupi mno kwa seli kusoma jeni na kutengeneza protini mpya. Ndiyo maana watafiti hutazama vipokezi vilivyo kwenye utando: kipokezi cha projesteroni kimeonekana nusu ya chini ya silia zenyewe, na kuna vipokezi vya utando vya aina nyingine pamoja na milango ya kalsiamu kama TRPV4 jirani yake. Nani hasa anashika usukani kati ya hivyo bado kunabishaniwa.

Sasa, msomaji makini atauliza: kama projesteroni hupunguza kasi, mbona kwa wanawake silia za ampula hupiga kasi kidogo zaidi baada ya yai kutoka, wakati projesteroni ya damu inapanda? Jibu ni kwamba haiko peke yake. Majimaji ya folikili, kifuko kinachokuza yai, yanayomwagika pamoja na yai huongeza kasi. Prostaglandini E2 na F2 alfa huongeza kasi. ATP inayotoka kwenye seli huongeza kalsiamu, na kasi hupanda. Zaidi ya hayo, projesteroni haigawanyiki sawasawa. Mshipa unaotoka ovari na ateri inayolisha mrija hupita bega kwa bega, homoni ikavuka kutoka mmoja kwenda mwingine. Mrija wa upande ulio na korpasi luteamu, tezi inayobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka na kutoa projesteroni, hupata projesteroni nyingi kuliko wa upande wa pili. Na seli za kumulasi zinazolizunguka yai hutengeneza projesteroni yao wenyewe, kwa hiyo mahali yai lilipo kiwango huwa juu kuliko kwenye damu. Mtu akikupa kipimo cha damu peke yake, hajakuambia silia zinaonja nini.

Turudi machinjioni. Msichukue mrija bila ovari yake na pembe ya kizazi. Mzunguko wa ng'ombe ni kama siku 21, na korpasi luteamu inasomeka kwa macho. Siku ya 1 hadi ya 4 ni ndogo, nyekundu, laini, kama damu iliyoganda. Siku ya 5 hadi ya 10, kilele chake bado ni chekundu au kahawia, na ukiikata ndani ina rangi ya chungwa. Siku ya 11 hadi ya 17 yote ni ya chungwa au njano, na mishipa ya damu inaonekana ikizunguka kilele. Siku ya 18 na kuendelea inafifia, inakuwa ngumu, mishipa haionekani tena, na mara nyingi kuna folikili kubwa ya zaidi ya milimita 10. Tahadhari moja kwa wenyeji wa Kanda ya Ziwa: zebu wetu wana korpasi luteamu ndogo kuliko za ng'ombe wa kizungu walio kwenye vitabu, na mara nyingi imezama ndani ya ovari. Ikate ovari katikati kabla hujaandika "hakuna".

Angalieni pia kama ng'ombe alikuwa na mimba, jambo la kawaida sana machinjioni. Korpasi luteamu ya mimba inafanana na ya siku ya 11 hadi ya 17, na mrija wake umekaa chini ya projesteroni kwa wiki au miezi. Kizazi chenye mimba msikipasue. Brusela, vimelea vinavyosababisha ng'ombe kutupa mimba, hukaa kwenye majimaji ya kondo na humwambukiza mtu kupitia michubuko na macho. Glovu, miwani, na kizazi hicho kirudishwe kwa mkaguzi wa nyama.

Nina hakika kubwa kwamba angalau sehemu ya mirija yenu mitatu "iliyolala" ilitoka kwa ng'ombe wa katikati ya mzunguko au wenye mimba. Sehemu nyingine ni usafirishaji. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hayana kalsiamu, hayana glukosi, wala hayana bafa, yaani kemikali ya kutuliza asidi. Kwa saa moja yanavumilika. Kwa saa sita tishu inatumia akiba yake, asidi inapanda, silia zinapungua kasi hata bila homoni yoyote. Tumieni PBS, maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti, iliyo na kalsiamu na magnesiamu, au vizuri zaidi kimiminika cha kukuzia seli kilichowekewa bafa ya HEPES milimoli 20 hadi 25 kwa lita, pH 7.2 hadi 7.4. Mirija iingie kwenye mfuko wa plastiki wenye kimiminika hicho, mfuko uwekwe kwenye boksi lenye barafu iliyofungwa, usigusane na barafu moja kwa moja. Baridi inasimamisha silia bila kuziua. Zikipashwa moto zinaamka. Maji ya bomba, ya ziwa au yaliyotoneshwa yasiguse tishu hata wakati wa kusuuza damu: seli hunywa maji na kupasuka. Lengo ni kuanza kazi ndani ya saa 3.

Dawa mlizotumia sasa. Sindano ya miezi mitatu ni medroksiprojesteroni, miligramu 150 kwa mililita 1. Kwanza si projesteroni ya asili. Pili, ni chembechembe zilizosimamishwa ndani ya maji, hazijayeyuka, kwa hiyo hamwezi kujua kiasi kilichofika kwenye seli. Tatu, ndani yake kuna polisorbati 80 ya kusaidia kuchanganya na parabeni za kuzuia kuoza. Polisorbati ni ya jamii ya sabuni, na utando wa silia ni mafuta. Mkiona silia zote zinasimama papo hapo bila kupungua kidogo kidogo, fikirieni sabuni kabla ya homoni. Homoni hupunguza, mara chache hukata ghafla.

Kidonge nacho kina ethinilestradioli mikrogramu 30 na levonojestreli mikrogramu 150. Kwa uzito, homoni ya jamii ya projesteroni ni mara tano ya ile ya jamii ya estrojeni. Mmeita "estrojeni" kitu ambacho sehemu kubwa ni mpinzani wake, pamoja na unga wa laktosi.

Nunueni unga safi wa projesteroni kwa wauzaji wa kemikali za maabara. Miligramu chache zinatosha muhula mzima. Yeyusheni miligramu 3.14 kwenye mililita 1 ya ethanoli safi. Hiyo ni milimoli 10 kwa lita. Ihifadhiwe kwenye kichupa cha kioo, kwenye friza, kwa sababu projesteroni hunata kwenye plastiki. Mikrolita 1 ya akiba hiyo kwenye mililita 1 ya kimiminika inakupa mikromoli 10 kwa lita, na ethanoli inabaki asilimia 0.1. Kisha zimueni akiba hiyo mara 100 kwa ethanoli ileile, mchukue tena mikrolita 1 kwa mililita 1, mpate nanomoli 100 kwa lita. Msisahau kipande cha tatu kinachopata ethanoli tupu asilimia 0.1. Bila hicho, matokeo yenu hayana cha kulinganishwa nacho.

Na muwe wakweli mnapoandika ripoti. Mikromoli 10 ni nanogramu 3,145 kwa mililita, wakati damu ya ng'ombe katikati ya mzunguko ina kama 5 hadi 10. Ni kiasi cha kuonyesha kwamba njia ipo, hakifanani na hali ya ng'ombe malishoni. Nanomoli 100, sawa na nanogramu 31 hivi, iko karibu zaidi na kinachoweza kuwepo ndani ya mrija, lakini upungufu wake ni mdogo, unahitaji vipimo vingi kuuona.

Kazi ya mezani ifanyike hivi. Ondoeni mafuta na utando unaoshikilia mrija kwa mkasi mdogo. Mrija wa ng'ombe una sentimita 20 au zaidi. Chukueni sentimita 2 za ampula, nusu ile pana ya upande wa ovari. Upasueni kwa urefu ndani ya sahani yenye kimiminika. Mtaona mikunjo mingi. Kateni vipande vya mikunjo vya milimita 1 hadi 2 bila kukwangua kwa kisu. Kukwangua hutoa seli zilizojeruhiwa ambazo hupiga ovyo kwa dakika chache kisha zikafa. Wekeni kipande kwenye slaidi na tone la kimiminika, pakeni vaselini pembe nne za kioo cha kufunikia ili kisiikandamize tishu, funikeni. Anzeni na lenzi ya 10, tafuteni ukingo wa mkunjo, halafu 40. Fungeni kidogo dirisha la mwanga chini ya meza ya hadubini, la sivyo silia hazionekani kwa kuwa hazina rangi.

Joto ndilo huharibu majaribio mengi kuliko kitu chochote. Ng'ombe ana nyuzi 38.5. Chumba chenu Mwanza kina 26 au 28, na silia hupungua kasi kadiri joto linavyoshuka. Mkipima kipande cha kwanza kikiwa bado cha moto kutoka inkubeta na cha pili kimekaa mezani dakika 15, mtaandika "homoni imepunguza" wakati ni hewa ya chumba. Kama hamna meza ya hadubini yenye joto, pasheni slaidi zote kwenye inkubeta ya nyuzi 38, na kila moja ipimwe ndani ya muda uleule, kwa mfano sekunde 60 baada ya kutoka. Tishu ikae kwenye nyuzi 38 kwa dakika 30 kabla ya kipimo cha kwanza, kisha homoni, kisha vipimo kwenye dakika 15, 30 na 60.

Kuhesabu kwa macho haiwezekani zaidi ya mapigo machache kwa sekunde. Simu inatosha, lakini tumieni video ya taratibu ya fremu 240 kwa sekunde. Video ya kawaida ya fremu 30 haiwezi kuonyesha kwa usahihi kitu kinachopiga zaidi ya mara 15 kwa sekunde. Itawaonyesha kasi ya uongo, tena ya polepole. Rekodini sekunde 3 hadi 5 kwenye sehemu 5 hadi 10 za kipande. Chagueni kundi moja la silia, hesabuni fremu zinazopita katika mapigo 10. Mapigo kwa sekunde ni 10 mara 240, gawanya kwa idadi ya fremu. Fremu 300 zina maana ya mapigo 8. Anayehesabu asijue slaidi ipi ina homoni. Na mnapofanya takwimu, idadi ni ya ng'ombe. Sehemu 60 kutoka kwa ng'ombe wawili bado ni ng'ombe wawili.

Mambo mawili madogo kuhusu kimiminika: msiongeze seramu, kwa kuwa ina homoni zake na albumini yake hushika homoni mliyoongeza, na tafuteni kisicho na fenoli nyekundu, kwa sababu rangi hiyo ina nguvu kidogo ya estrojeni.

Hata mkipata matokeo safi, msiandike kwamba mmeonyesha jinsi kiinitete kinavyosafiri. Mrija una misuli pia, na homoni zilezile huiendesha. Mwaka 1976 watafiti wa sungura walizima mikazo ya misuli kwa dawa na mayai yakaendelea kusafiri, kwa hiyo silia zinaweza. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwa panya wasio na silia zinazotembea kwenye mrija kwamba yai linashindwa kuokotwa kutoka ovari, lakini viinitete vinasafiri bila silia. Mimi nayasoma hivi: kwenye fimbria silia hazina mbadala, kwa sababu hunasa kumulasi kwa ncha zake na kuivuta ndani, kwenye safari ya baadaye zinasaidiana na misuli, na uzito wa kila mmoja unatofautiana kwa mnyama na mnyama. Kwa ng'ombe kiinitete huingia kizazini siku ya 4 au ya 5, kwa nguruwe kama siku 2, kwa farasi siku 5 hadi 6. Kiinitete cha farasi hutoa prostaglandini E2 ili kifunguliwe njia, na yai lisilorutubishwa kwa kawaida hubaki ndani ya mrija.

Swali la vijiti. Kiini cha wazo hilo kipo: homoni za jamii ya projesteroni hupunguza kasi ya silia na kulegeza misuli, kwa hiyo kiinitete kinaweza kuchelewa. Huenda ndiyo sababu, ikitokea mwanamke akapata mimba akiwa na kijiti, kati ya mimba 100 za namna hiyo 10 hadi 17 huwa nje ya kizazi. Lakini mimba zenyewe karibu hazitokei: takriban mwanamke 1 kati ya 1,000 kwa mwaka wa kwanza. Kwa jumla, mwenye kijiti ana hatari ndogo sana ya mimba nje ya kizazi kuliko asiyetumia njia yoyote. Kwa P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, takwimu zilizopo hazionyeshi kwamba inaongeza uwiano huo.

Kinachoharibu silia kwa kweli kwa wanawake ni maambukizi. Kisonono hutoa sumu zinazozing'oa seli zenye silia. Klamidia huacha makovu, mara nyingi bila dalili. Kifua kikuu cha viungo vya uzazi karibu kila mara hugusa mirija. Moshi wa sigara nao hupunguza kasi. Na kwa mikoa yetu kuna kichocho. Pembezoni mwa ziwa kinachoongoza ni cha tumbo, Schistosoma mansoni, lakini ndani zaidi ya Usukumani, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, kuna Schistosoma haematobium, ambao mayai yake hukwama kwenye viungo vya uzazi, mirija ikiwemo. Kipimo cha mirija cha kupiga picha kwa dawa kinaonyesha kama njia iko wazi. Hakionyeshi kama silia zipo, kwa hiyo mrija "ulio wazi" si lazima uwe unafanya kazi.

Mwanamke mwenye kijiti akipata maumivu makali upande mmoja wa chini ya tumbo, kizunguzungu au damu isiyo ya kawaida kwake, apimwe ujauzito siku hiyohiyo, na ukiwepo afanyiwe ultrasaundi kabla ya kurudi nyumbani.